Krosi Haifi Peke Yake

Gunia la mwisho la karoti limeshapanda, turubai limefungwa, na dereva anairudisha pikapu nyuma kidogo ili aitoe kwenye msongamano wa gulio la Lukozi. Anatoka rivasi, anaweka namba moja, anaachia klachi. Chini ya gari kinasikika kishindo kimoja kikavu: ka! Utingo hashtuki. Dereva naye hashtuki, maana kishindo hicho amekizoea tangu kabla ya mvua za vuli, na gari limeendelea kwenda na kurudi. Watashuka nacho hadi Lushoto, watazunguka nacho kona zote mpaka Mombo, na wakishaingia barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam upepo wa dirishani utakifunika.

Mara nyingi kishindo hicho ni cha krosi, ile jointi yenye umbo la msalaba inayokaa kwenye ncha za propela. Ni kipuri cha kujaa kiganjani, na bei yake ukiiweka kando ya bei ya giaboksi au difu inachekesha. Ndiyo maana hakipewi heshima. Kikifa hununuliwa kingine, kikagongwa kwa nyundo chini ya mwembe, gari likaondoka. Baada ya miezi michache mlio unarudi, na lawama zote zinaangukia "spea za siku hizi". Spea mbovu zipo, tena nyingi. Lakini krosi iliyokufa kabla ya siku zake karibu kila mara imeuawa na kitu, na kitu hicho hubaki palepale kwenye gari baada ya krosi mpya kufungwa. Makala haya yanahusu namna ya kukitafuta.

Kwanza kazi yenyewe. Injini na giaboksi ya pikapu vimefungwa kwenye chasisi na havina mwendo mkubwa. Ekseli ya nyuma, yenye difu katikati yake, imeshikwa na springi za majani, nayo hupanda na kushuka kila tairi linapopita shimo au tuta. Kati yake na giaboksi pana bomba la chuma, propela, ambalo ni lazima lizungushe difu huku ncha yake ya nyuma ikifuata kila hatua ya ekseli. Bomba halikunjiki. Kwa hiyo kila ncha imewekewa krosi: msalaba wa chuma kigumu wenye mikono minne, miwili imeshikwa na masikio ya yoki (uma wa chuma) ya upande huu, miwili na yoki ya upande ule. Kila mkono umevishwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano nyembamba za chuma, zimebanana kuzunguka mkono, zimelowa grisi. Saklipu ndogo inazuia kikombe kisichomoke. Pikapu ndefu huwa na propela ya vipande viwili, krosi tatu, na beringi ya katikati ambayo mafundi huiita senta beringi, iliyoning'inizwa kwenye mpira mzito chini ya chasisi.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Mwingereza Robert Hooke aliieleza jointi ya namna hii mwaka 1676, akiwa anashughulika na vyombo vya kuangalia jua. Jina lingine linalotajwa ni la Girolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia wa karne ya 16. Mengi ya magari ya mwanzo yalivutwa kwa cheni, kama baiskeli, na cheni hizo zilikuwa zikipiga kelele, zikila vumbi na kukatika. Clarence Spicer, aliyelianza wazo lake akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipata hataza ya jointi yake mwaka 1903, na mwaka uliofuata akaanza kuziuza kwa watengenezaji wa magari. Toyota ilipoleta Hilux ya kwanza mwaka 1968 mpangilio ulikuwa uleule: injini mbele, propela katikati, difu nyuma. Pikapu za leo bado ziko hapohapo.

Sasa tuangalie mzigo unaopita kwenye msalaba huo. Chukua injini ya dizeli yenye nguvu ya msokoto ya Nyutonimita 200, ambayo si nguvu ya kutisha. Namba moja ya giaboksi huizidisha takriban mara nne, kwa hiyo propela inapokea 800. Kama gari ni fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na dereva ameingiza gia nzito ya transfa, giaboksi yake ya pili, ambayo huzidisha tena kama mara mbili na nusu, propela inapokea 2,000. Bana mtaimbo wa mita moja kwenye propela, kisha ning'iniza kilo 200 kwenye ncha ya mtaimbo: huo ndio msokoto tunaouzungumzia, nao wote unapita kwenye mikono minne ambayo hakuna hata mmoja unaozidi sana unene wa kidole gumba.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita thelathini na kitu, lakini ndani ya umbali huo inatoka tambarare hadi mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Pikapu hupanda na mbolea, saruji na kreti za soda, zikashuka na kabichi, viazi na karoti. Ukiiacha lami na kuingia barabara za vijijini, kuanza mwendo mlimani kwa namba moja ni jambo la kila saa. Huko krosi inaumia kwa msokoto. Tambarare inaumia kwa mbio. Gari likiwa namba nne, ambayo kwenye giaboksi nyingi huzungusha propela sawa na injini, mizunguko 3,000 kwa dakika ni mizunguko 50 kila sekunde. Propela iliyopinda kidogo tu, au iliyoganda tope upande mmoja, inazitandika beringi zake mara 50 kila sekunde, na safari ya Dar ni ya saa nyingi.

Jambo moja kuhusu krosi linawapita hata mafundi wazuri, nalo ni ufunguo wa mengi yatakayofuata. Krosi moja ikifanya kazi kwenye pembe haizungushi sawasawa. Upande unaovuta ukienda mwendo mmoja usiobadilika, upande unaovutwa huongeza kasi na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye pembe ya digrii 10 tofauti hiyo ni kama asilimia moja na nusu juu na chini, na gari halijali. Kwenye digrii 20 ni asilimia 6. Kwenye digrii 30 inafika 15, na hapo kila kitu kinatikisika. Tiba yake ni krosi ya pili kwenye ncha nyingine ya propela, iliyofungwa ili makosa ya kwanza yafutwe na makosa ya pili. Lakini yanafutana kwa masharti mawili: yoki mbili za propela zitazame upande mmoja, na pembe ya mbele ilingane na pembe ya nyuma. Sharti la kwanza huvunjwa na fundi. La pili huvunjwa na mwenye gari, na tutamrudia.

Dalili za kuchoka huja kwa hatua. Ya kwanza ni mlio mwembamba wa chuma kikavu, gari likiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, unaokwenda na mzunguko wa propela. Madereva husema gari linalia kama kifaranga. Ni grisi iliyokwisha. Krosi yenye nipeli, ile chuchu ya kupigia grisi, ikipigwa grisi siku hiyohiyo inaweza kupona. Ikiwa imelia wiki nzima, grisi itanyamazisha mlio tu, maana sindano zimeshakwaruza mikono na mikwaruzo haifutiki. Hatua ya pili ndiyo ile "ka!" ya kubadilisha uelekeo, na huja pia dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuachia. Ya tatu ni mtetemo. Wengi hapa hukimbilia kwa fundi wa tairi. Tairi lisilo na balansi hutikisa usukani zaidi, na mtetemo wake ni mzito wa polepole. Propela huzunguka kama mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka, mwembamba, na unasikika kwenye sakafu na kiti kuliko mikononi.

Hatua ya nne ni kukatika. Ikikatika krosi ya nyuma, propela inaburuzwa barabarani na gari linapoteza mvuto. Ikikatika ya mbele kwenye mwendo kasi, ncha ya mbele ya propela inaanguka ikitazama inakoelekea gari, na ikikita kwenye shimo inaweza kulinyanyua gari zima kwa nyuma. Njiani inaweza kukata bomba la breki au la mafuta. Baadhi ya magari yana bangili ya chuma chini ya propela ya kuizuia isifike chini. Pikapu nyingi za mizigo hazina, na sijui kwa nini wachomeleaji wetu, wanaotengeneza karieri za kila aina, hawaitengenezi hiyo pia.

Kukagua hakuhitaji mashine. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe kabari mbele na nyuma, gia iwe huru, injini izimwe na funguo akae nao yule anayeingia chini. Shika propela kwa mkono mmoja, yoki ya jirani kwa mkono wa pili, kisha zizungushe kwa kupingana, moja huku nyingine kule. Krosi nzima haina mchezo wowote. Ukiona hata unywele wa mwendo kati ya yoki na msalaba, imekwisha. Halafu ingiza bapa la chuma kati yao na ujaribu kuinua: mchezo wa juu na chini nao ni hukumu. Tazama midomo ya vikombe kwa tochi. Unga mwekundu wenye rangi ya matofali ni sindano zilizosagika zikachanganyika na kutu, na krosi yenye unga huo haihitaji kipimo kingine.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu si kila "ka!" ni ya krosi. Propela yote inaweza kuzunguka kidogo huku krosi ikiwa imetulia: huo ni mwanya wa meno ya difu, na kiasi fulani chake ni halali. Mchezo unaweza kuwa kwenye meno ya sehemu ya propela inayoteleza, ile inayorefuka na kufupika ekseli inapopanda. Inaweza kuwa senta beringi. Isukume juu na chini, na kama mpira wake umechanika utaona propela ikining'inia. Mara nyingine ni bolti za kubana springi kwenye ekseli zimelegea, na ekseli nzima inajigeuza kila klachi inapoachiwa. Nimeona gari limebadilishiwa krosi zote tatu kwa sababu ya nati nne za springi.

Baada ya kuhakikisha, propela inashushwa. Kabla ya spana kugusa nati, kuna kanuni ambayo watu wamekufa kwa kuisahau: propela ikishatoka, gia haizuii gari tena, liwe la kubadilisha gia kwa mkono au la otomatiki lililowekwa P. Kwenye magari yenye breki ya mkono inayoshika nyuma ya giaboksi, kama Land Rover nyingi za zamani, hata breki ya mkono haishiki chochote. Kabari ndizo zinazoshika. Na jeki peke yake si mahali pa kuweka maisha ya mtu. Stendi za chuma ziwepo, au gari liwe juu ya shimo.

Kisha alama. Flanji ya difu na flanji ya propela, zile sahani zinazofungana kwa bolti, zipigwe alama zinazoonana, na vivyo hivyo pale propela inapoingia kwenye meno yake. Chaki hufutwa na grisi ya mkono. Rangi au kidonda kidogo cha tindo hubaki. Fundi asiyeweka alama anaweza kuirudisha propela ikiwa imeruka meno kadhaa, yoki mbili zikitazama pande tofauti, na sharti la kwanza tulilolitaja likavunjika. Gari litatetema kwa krosi mpya kabisa, na hapo kila mtu atalaani duka. Pikapu ambazo propela yake inaingia ndani ya giaboksi huanza kumwaga oili mara inapochomolewa, kwa hiyo mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia viwe karibu. Zenye flanji pande zote mbili hazina usumbufu huo. Kwenye fowili za aina hiyo, mtu aliyekatikiwa porini anaweza kuivua propela ya nyuma yote, akaingiza magurudumu ya mbele, akafika nyumbani taratibu.

Saklipu hutolewa kwa koleo yake. Zikiwa zimeganda kwa kutu, kikombe kigongwe kidogo kuelekea ndani ili ziachie. Njia ya kistaarabu ya kutoa vikombe ni vaisi na soketi mbili: soketi ndogo inasukuma kikombe cha upande mmoja, kubwa inakipokea cha upande wa pili. Njia ya nyundo ipo na mafundi wenye mkono mzuri huiweza, lakini masikio ya yoki yakifunguka hata kidogo vikombe vipya havitakaa sawa tena. Kuna pia njia ya tatu, ya tundu la yoki kupanuka halafu kikombe kuchomelewa kwa welding ili kisitoke. Joto la welding linalainisha chuma cha kikombe, linaunguza grisi na kuyeyusha mpira wa kuzuia vumbi. Kama ni ya kufikia gereji ya karibu, sawa. Nimekuta magari yaliyofanyiwa hivyo yakiwa yamepandishwa tena mzigo kamili, na kwa maoni yangu aliyefanya hivyo hakupaswa kulipwa.

Krosi ikishatoka mkononi, wengi huitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Ni haraka mbaya, kwa sababu ushahidi wote uko pale. Ipanguse kwa mafuta ya taa, ilete kwenye mwanga, usome mkono mmoja baada ya mwingine.

Mifereji midogo iliyolala sambamba, kila mmoja na upana wa sindano, inamaanisha sindano zimebonyeza chuma badala ya kubingirika. Ikiwa mifereji iko upande mmoja tu wa kila mkono, upande wa kuvutia, chanzo ni msokoto: mzigo kupita kiasi, au dereva anayeachia klachi kwa kuirusha mlimani. Hapo krosi haina kosa na fundi hana kosa, na mazungumzo yanayotakiwa ni kati ya tajiri na dereva wake. Cha ajabu, mifereji kama hiyo hutokea pia kwenye propela iliyonyooka mno. Sindano zinahitaji pembe ndogo, digrii 1 mpaka 3, ili zibingirike na kusambaza grisi. Bila pembe hukaa mahali pamoja na kuchimba.

Kutu nyekundu kwenye mikono yote minne ni maji. Madereva hutaja mito na madimbwi, na kweli yamo, lakini mshukiwa wa siku hizi ni mashine ya kuoshea magari. Maji yake yenye presha, yakielekezwa kwenye mdomo wa kikombe kwa karibu, hupita mpira wa kuzuia vumbi na kubaki ndani. Gari hutoka linang'aa na krosi zake zimeanza kuoza. Baada ya kuosha chini ya gari, au baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye ekseli, grisi mpya isukumwe mpaka ile iliyochanganyika na maji itoke.

Rangi ya bluu au zambarau kwenye chuma ni joto, na joto ni ukavu. Mkono mmoja ukiwa wa bluu na mitatu ikiwa mizuri, grisi haikuwa inafika kwenye mkono huo. Ndani ya msalaba kuna vijia vinavyotoka kwenye nipeli kwenda mikono yote, na kimoja kikiziba kwa grisi kavu, pampu itapeleka mzigo kwenye vile vitatu vilivyo wazi. Kijana wa gereji anaona grisi inatokeza mahali fulani, anaridhika, anahamia nipeli nyingine. Grisi iangaliwe ikitokeza kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikigoma, propela ichezeshwe kwa mkono huku pampu ikisukuma, au nati za flanji zilegezwe kidogo kikombe kipate nafasi. Kama bado kinagoma, krosi hiyo inaishi kwa miguu mitatu.

Ncha za mikono zikiwa zimechubuka huku pande zake ni laini, vikombe vilibanwa mno wakati wa kufunga, au propela ilikuwa inasukumwa kwa urefu wake kwa sababu sehemu inayoteleza imekauka. Mkono uliokatika kwa mpasuko mweupe na safi, bila kutu wala mifereji, ulipigwa na mshtuko mmoja mkubwa. Mwulize dereva alikwama wapi.

Krosi mpya hununuliwa kwa vipimo viwili, kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe mpaka kikombe, na ni vema kwenda dukani na ile ya zamani pamoja na kipimio cha venia kuliko kutaja jina la gari tu, kwa sababu huenda gari lako lilibadilishiwa propela kabla halijafika mikononi mwako. Gerezani na Shauri Moyo kule Dar, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaonyeshwa masanduku matatu yanayofanana kwa bei tatu. Usitazame sanduku. Vua kikombe kimoja palepale, kwa ruhusa ya muuzaji, utazame ndani: sindano zijae bila pengo la sindano nzima, mkono uwe laini kama ulivyotoka kwenye msasa wa mashine, bila mistari ya kukerezwa, tundu la grisi liwepo kwenye kila mkono, mpira wa kuzuia vumbi ukae imara. Muuzaji anayekataa kikombe kivuliwe ameshakujibu. Na baadhi ya propela zimefungwa kiwandani kwa kukunjwa chuma badala ya saklipu. Hizo hazikukusudiwa kubadilishiwa krosi, ingawa wakereza vyuma wetu wamepata njia.

Kufunga kuna adui mmoja anayejirudia: sindano iliyoanguka. Kikombe kikiingizwa kwa papara, sindano moja hulala chini kwenye kitako chake, na kikombe hakifiki mwisho. Saklipu inakataa kuingia kwenye mfereji wake, na badala ya kurudi nyuma na kuangalia, fundi anaongeza nguvu ya nyundo. Sindano zibandikwe kwa grisi nzito ukutani mwa kikombe, na mkono wa msalaba uingizwe ndani ya kikombe mapema, kabla ya kusukuma, ili uzilinde. Nipeli itazame upande ambao pampu itafika gari likiwa limefungwa. Ni jambo dogo, ila limewalazimu wengi kushusha propela upya. Saklipu za Toyota zina unene tofautitofauti kwa makusudi. Kanuni ya vitabu vyake vya ufundi ni kuchagua zinazolingana pande zote mbili, zikiacha mchezo usiozidi milimita 0.05. Ukishafunga, masikio ya yoki yagongwe kidogo kwa nyundo ya plastiki vikombe vikae, halafu msalaba uchezeshwe pande zote: uende kwa uzito mmoja, usilegee wala kugota mahali. Vibati vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba la propela ni vya balansi. Kuna watu huvipiga tindo wakidhani ni uchafu wa welding.

Jointi za mbele za pikapu ya fowili ni jamaa wa mbali. Hizo ni sivi-jointi, za gololi badala ya sindano, ndani ya buti la mpira lililojaa grisi. Zinapokufa hulia tak-tak-tak kwenye kona kali. Karibu zote huuawa na buti lililopasuka, na buti ni rahisi mara nyingi kuliko jointi, kwa hiyo mwenye fowili akague mipira hiyo kila anapobadilisha oili. Land Cruiser za pikapu zenye ekseli nzima ya mbele zina jointi hiyo ndani ya bakuli la chuma pale gurudumu linapogeukia. Ukiona supu nyembamba nyeusi inavuja hapo, sili ya ndani imekwisha, oili ya difu imeingia kwenye grisi na kuiosha.

Nirudi kwa mwenye gari. Pikapu ya mboga karibu haipo bila springi kuongezwa. Kiwanda kiliweka majani kadhaa, tajiri akaongeza mawili, matatu, ili gari lisikae chini linapojaa. Majani hayo yanainua nyuma ya gari. Chasisi na giaboksi vinapanda, ekseli inabaki chini, na pembe ya propela inakua. Tena springi ikibadilika umbo, difu nayo huinamisha au kuinua pua yake, kwa hiyo pembe ya nyuma inaachana na pembe ya mbele. Sharti la pili limekwisha hapo. Gari likipanda tupu kutoka Mombo linatetema, likishuka na mzigo linatulia, na dereva atakuapia kwamba gari lake linapenda mzigo.

Kipimo kipo, na siku hizi hakigharimu kitu. Simu yenye programu ya pimamaji iwekwe kwenye uso wa flanji ya giaboksi, halafu juu ya bomba la propela, halafu kwenye flanji ya difu, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha pili ndiyo pembe ya mbele. Ya pili na ya tatu ndiyo ya nyuma. Kama propela ni ya vipande viwili, kila kipande kipimwe peke yake. Fanya hivyo gari likiwa tupu, rudia likiwa limepakia. Pembe mbili zikiachana zaidi ya digrii moja au mbili, krosi mpya inaingia kwenye mtego wa ile ya zamani.

Fundi akishapata namba hizo ana mambo matatu ya kumwambia tajiri. Jani moja litoke, ambalo ni jibu bora na halipendwi, kwa kuwa kila jani ni magunia. Au kabari ya chuma iliyochongwa kwa pembe maalumu iwekwe kati ya springi na kiti cha ekseli, ikageuze pua ya difu mpaka pembe zikutane. Au senta beringi ishushwe kwa vipande vya bapa ili kipande cha nyuma kisipande sana. Matajiri wengi huchagua kabari. Inafaa, mradi ipimwe kwa gari lenye mzigo ule linaoubeba siku nyingi za wiki, bolti za springi zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya Dar, na nipeli zipigwe grisi kila kilomita 5,000 wakati wa kiangazi na kila wiki wakati wa masika.